Mizigo ya Da Zena

Tulimzika Daktari Temu Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba yake, siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri na migomba ikawa inatudondoshea maji shingoni wakati mchungaji akisoma. Nilikuwa upande wa akina mama, karibu na jiko la nje, nimeshika sinia la vikombe, nilipoona gari la kukodi linasimama barabarani na mwanamke mwenye baibui anashuka polepole, dereva amemshika mkono. Alikuwa amezeeka, mabega yameingia ndani. Lakini nilimtambua kabla hajainua uso, kwa jinsi alivyoonja ardhi kwa ncha ya kiatu kabla ya kukanyaga, kama watu waliokua wakitembea juu ya miamba ya pwani yenye miiba. "Ni nani yule?" mama mmoja aliuliza nyuma yangu. "Si ndiye yule wa Tanga." "Aliyemkimbia Daktari? Mae! Sasa amefuata nini leo?" Niliweka sinia chini, nikaenda kumpokea. "Shikamoo Mama." Alinitazama kwa kitambo, akinitafuta ndani ya uso huu wenye miwani. "Haika," alisema hatimaye. "Umekuwa mtu mzima, mwanangu." Tukakumbatiana palepale kwenye matope.

Nilikaa kwao, yeye na Daktari, mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja nafasi ya chuo cha uuguzi, na Daktari, aliyekuwa akitibu meno nyumbani kwake Moshi mjini, alitaka msichana wa kuita wagonjwa, kuchemsha vifaa na kupiga deki. Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye baraza pana na madirisha ya mbao. Vyumba vya mbele vilikuwa kliniki, vya nyuma waliishi yeye na mke wake Riziki, ambaye nilimwita Mama, na mimi nilipewa chumba kidogo kati ya stoo na jiko, chenye ukuta mwembamba ambao haukuzuia neno lolote. Wagonjwa walikaa kwenye benchi, mashavu yamevimba, na mbele yao lilikuwako tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari. Halikuwa na samaki hata mmoja. Mgonjwa mgeni aliinama, akatafuta samaki, akakosa, akaanza kukasirika, kisha kidogo kidogo macho yake yakazoea na akaanza kuona: kaa mdogo anakokota kombe la konokono alilohamia, kiti cha pweza cha rangi ya chungwa, chenye umbo la nyota, kinapanda kioo bila haraka, kitu cheusi chenye miiba mirefu kinatingisha miiba yake jiweni, kamba wenye mistari myekundu wanapunga masharubu, na mnyama mmoja laini mwenye vidole vingi ambaye kila mtu alidhani ni ua mpaka alipomwona anakula.

Daktari aliwaambia wagonjwa kwamba tangi lile lilikuwa la kuwatuliza kabla ya kung'olewa jino. Alipenda kuwaonyesha konokono wanaosafisha kioo na kusema, "Hawa ni wafanyakazi wenzangu, wanasugua ukoga." Lakini sisi wa nyumba ile tulijua lilikuwa la Mama. Walikutana Tanga, Daktari alipopangiwa hospitali ya huko akiwa kijana, wakafunga ndoa bomani, yeye akabaki Mlutheri na Mama akabaki Mwislamu, na kila upande ulisema ulichosema. Alipomleta Moshi alimwahidi kwamba hatakosa kitu. Akatengeneza tangi. Mama ndiye aliyekataa samaki. Samaki walikuwa mambo ya wanaume wa mbali kwenye maji ya kina, aliniambia. Yeye na dada yake Zena walikuwa wakitoka maji yakipwa, na ndoo zao, wakitembea kwenye miamba na kuokota chaza na kombe. "Samaki nilikuwa nikiwaona sokoni, wamekufa. Hivi vidude ndivyo nilivyovijua vikiwa hai."

Da Zena bado alikuwa akikaa Tanga, na ndiye aliyewatuma wanyama wale. Daktari aliagiza kwa simu ya mezani iliyokuwa karibu na mlango wa kliniki. "Da Zena, shikamoo. Tunaomba kamba wale wenye mistari, na konokono wa kusafisha, na maji madumu mawili kama utaweza." Sauti ya Da Zena ilikuwa kubwa, ilitoka nje ya simu na kutufikia sote. "Nitatuma, shemeji. Na Riziki mnamleta lini?" "Karibuni tu, Da Zena. Karibuni." Siku chache baadaye mimi nilikwenda stendi kupokea boksi jeupe jepesi, la aina ile wanayosafirishia samaki na barafu, na madumu ya njano yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Safari moja kondakta alinikabidhi huku amenyoosha mikono mbali na tumbo lake. "Dada, mna nini humu? Kimegonga njia nzima, tak tak tak, kama mtu anaomba afunguliwe."

Mama alifunga mapazia kabla ya kufungua boksi. Alisema wamekuwa gizani tangu Tanga, mwanga wa ghafla utawashtua. Ndani mlikuwa na magazeti, mwani wenye unyevu, na mifuko ya nailoni, kila mmoja na maji kidogo na hewa nyingi, imetuna kama mito, midomo yake imefungwa kwa vipande vya kanga kuukuu. Da Zena hakutumia kitu kingine. Mama alikuwa akigusa kila kipande, akisema hii ni kanga ya harusi ya fulani, hii alikuwa anavaa mama. Mifuko tuliiacha ielee tangini kwanza, imefungwa, mpaka joto lilingane. Kisha kila mmoja tuliumwaga kwenye ndoo yake, maji na mnyama pamoja, tukaning'iniza mpira wa dripu kutoka tangini, ule ule wa hospitalini wenye kigurudumu cha kubana, na maji ya tangi yakaanza kuingia ndooni tone kwa tone. Maji ya tangi letu yalikuwa yamekauka na kuongezwa, yamekauka na kuongezwa, chumvi yake haikuwa tena ile ya pwani. "Ukiwatumbukiza mara moja wanakufa," Mama alisema. "Si leo. Kesho, keshokutwa. Unamwona mzima, kumbe ndani ameshaharibika." Ndoo ikijaa tulimwaga nusu, tukaendelea. Kaa ungeweza kumshika kwa vidole, lakini kiti cha pweza hatukukitoa nje ya maji hata kidogo, maana hewa ingekiumiza. Mama alizamisha bakuli ndooni, akakingoja kikae humo, akakipeleka tangini ndani ya bakuli lile lile, amelishika kwa mikono miwili. Nilijifunza kupima dripu kwa kamba na konokono kabla sijawahi kumgusa mgonjwa.

Kazi ile ilichukua sehemu kubwa ya mchana, na katika kungoja ndimo tulimopika na kula. Mama alitandika mkeka kando ya ndoo. Siku nyingine ilikuwa wali wa nazi, mchele wa Chekereni, na mchuzi wa kamba wakavu ambao Da Zena aliwaficha chini ya boksi. Siku nyingine machalari, maana ndizi kutoka Machame hazikuisha nyumba ile. Daktari alikuja kati ya mgonjwa na mgonjwa, barakoa imening'inia kidevuni, akachota kwa mkono, akauliza, "Wamefika salama?" Mama akajibu, "Wamefika. Wamechoka." Nilikuwa na umri ule ambao mtu anachagua ndoa yake kwa kutazama ndoa za wengine, nami nilichagua ile. Nilijiambia nikiolewa nataka mwanamume wa namna hii, anayeweza kuleta bahari juu mlimani kwa sababu mke wake aliitaja.

Lakini chumba changu kilikuwa na ukuta ule mwembamba. Jioni wakati wa kula niliwasikia, na mazungumzo yalikuwa yale yale kila mwezi, hata nikajua ni wapi kijiko kitawekwa chini. "Wiki ijayo siwezi, Riziki. Kuna watu wanakuja kutoka Rombo, kutoka Holili, mtu amesafiri na jino bovu, nimwambie nini?" "Basi niende mwenyewe." "Peke yako? Watu watasema nimekuchoka." "Watasema siku mbili, wataacha." Kisha sauti ya Daktari, ya chini, kama ya mtu anayeomba: "Si nimekuletea bahari mpaka ndani ya nyumba?" Na Mama, bila hasira kabisa: "Umeniletea. Ahsante. Mimi nataka kumwona Da Zena." Nikilala kitandani kwangu nilimwona Mama kuwa mwanamke mgumu wa kuridhika. Leo nimeishi na mume, nimeishi bila mume, na sauti ile isiyo na hasira ndiyo ninayoisikia zaidi kuliko maneno yote niliyowahi kusikia katika nyumba ile.

Kuna siku umeme ulikatika asubuhi, na pampu ya hewa ikanyamaza. Mchana kamba walikuwa wamepanda juu karibu na uso wa maji, na kile kiti cha pweza kilikuwa kimelegea kwenye kona. Mama alichukua jagi, akaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yaingie hewa, chota, mwaga, mpaka mkono ukamchoka nikampokea, kisha na mimi nikachoka. Daktari alitoka chumbani kwake na glavu mkononi, akaona hali, akavua glavu, akanyang'anya jagi. Alimwaga maji kwa nguvu hata yakaturukia wote, shati limemlowa, anahesabu kwa Kichagga kama mtu anayetwanga kahawa, na Mama akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mgonjwa, mzee mmoja aliyekuwa ameshadungwa sindano ya ganzi, alitoka kutazama kilichompata daktari wake, mdomo umelala upande, akauliza kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Mama akacheka zaidi. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, bado anacheka, "Kumbe mgonjwa anaweza kungoja." Daktari aliendelea kumwaga maji. Sijui kama alisikia. Nadhani alisikia.

Mzigo wa mwisho ulikuja wakati wa baridi, miezi ile ambayo mlima unajificha na mji mzima unavaa masweta. Hatukuwa tumeuagiza. Stendi walimtuma mtu kuja kutuambia kuna boksi letu, na nilipolileta Mama alifurahi, akasema Da Zena amemkumbuka bila kuombwa. Akafunga mapazia. Akafungua. Halafu mikono yake ikasimama. Mifuko ilikuwa imejazwa maji pomoni, hewa kidogo juu, na imefungwa kwa mpira wa manjano, ule wa kufungia noti. Hakukuwa na kipande hata kimoja cha kanga. Mama alishika mfuko mmoja, akaugeuza, akauweka. "Hii si Da Zena," alisema. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua alikuwa pale tangu lini.

"Nani amefunga hii mifuko?" Mama alimwuliza.

"Riziki, kaa kwanza."

"Nimekuuliza nani amefunga."

"Mtoto wake. Alikuta mama yake ameshawakusanya, wako kwenye ndoo, hakujua awafanyeje." Daktari aliingia chumbani hatua moja. "Alipiga simu juzi. Da Zena alianguka uani, hakuamka. Walikuwa wanazika jioni ile ile, Riziki. Nikapiga hesabu ya barabara. Tusingewahi. Nikasema nimalize wagonjwa, Jumamosi nikwambie kwa utulivu, twende wote na gari."

Mama hakulia. Alisema, "Ningekuwa njiani." Akaweka mkono juu ya boksi. "Wakati wanamweka chini," Mama alisema, "mimi ningekuwa njiani." Kisha akanigeukia mimi. "Haika, nipe dripu."

Nilidhani hakujua anachosema, lakini alijua. Aliiacha mifuko ielee tangini, akamwaga kila mmoja ndooni, akabana kigurudumu mpaka tone likawa linaanguka kwa nafasi aliyoitaka, akakaa kwenye kigoda kati ya ndoo na mikono magotini. Wengine walikuwa wameshakufa kwa kukosa hewa. Aliwatoa, akawafunga kwenye gazeti. Waliobaki aliwazoesha mmoja mmoja, hakumharakisha hata mmoja, mchana wote ule, na Daktari alifunga kliniki, akawarudisha watu, akakaa kwenye benchi la wagonjwa upande wa pili wa chumba. Hakuna aliyekula. Mara moja tu Daktari alisema, "Riziki," naye akajibu, "Ngoja," kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu kilichojaa. Alipopeleka bakuli la mwisho tangini, ndani yake kiti kidogo cha pweza ambacho dada yake alikiokota kwa mkono wake, alikiacha kitoke chenyewe, akafuta mikono, akaenda chumbani kufungasha.

Asubuhi Daktari alitaka kumpeleka kwa gari. "Wagonjwa wako wanakungoja," Mama alisema, akapanda basi. Sote tulidhani atarudi baada ya arobaini. Arobaini ikapita. Daktari alipiga simu, akapokea yule kijana wa Da Zena, akasema mama mdogo amepumzika, mama mdogo ametoka, na Daktari akaweka simu chini taratibu kama kitu cha kioo. Hakumlaumu mbele yangu, wala hakujitetea. Nililitunza tangi mpaka nilipokwenda chuo. Nilipokuja likizo ya kwanza nililikuta limekauka, limefutwa safi, juu yake wagonjwa wameweka mikoba yao. Niliuliza wale wanyama wamekwenda wapi. Daktari alisema tu, "Niliwarudisha kwao," akaita mgonjwa aliyefuata.

Miaka mingi ilipita kabla hajaniambia. Nilikuwa nimeshakuwa muuguzi wa siku nyingi, yeye amestaafu, anakuja kupimwa presha, na alipenda nimpime mimi. Siku moja nikiwa nimemfunga mkanda wa kipimo alianza kusema bila kuulizwa. Alisema alifungasha wale wanyama mwenyewe, hewa nyingi maji kidogo kama Da Zena, akapanda basi mpaka Tanga, boksi magotini. Alikuwa amejipangia la kusema: kwamba amewaleta kwa sababu hawezi kuwatunza, na kama Riziki atamwambia akae, atakaa. Akafika mtaani. Alisimama kona. Akamwona mke wake barazani na wanawake wenzake, wanachambua mchele, na Riziki alikuwa anacheka. "Anacheka, Haika, kichwa nyuma. Nikajiambia, kwangu hakuwa anacheka vile. Nikimtokea hapa namzimia taa." Akaenda ufukweni, akawaachia wanyama majini, akarudi na basi la siku ile ile. Nilitaka kumkumbusha ile siku ya umeme, jagi, yule mzee mwenye mdomo wa upande. Presha yake ilikuwa imepanda sana. Nikamwambia, "Tulia, Daktari, nipime tena." Akatulia. Mada ile haikurudi kati yetu, na ningetamani ingerudi.

Yote hayo niliyabeba kichwani siku ya mazishi nilipomwingiza Mama Riziki chumba cha ndani, nikamletea chai na sahani ya kiburu, ndizi na maharage, ambayo hakuigusa. Nje wanaume walikuwa wanagawana mbege na kuzungumza habari za marehemu, jinsi alivyokuwa mkarimu. Mama alikaa kando ya kitanda, viatu vyenye matope ameviacha mlangoni. Alizungumza bila kunitazama. "Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira, sikatai. Akipiga simu nilikuwa napita mlango wa nyuma. Baadaye zikaisha, hivihivi tu, siku moja nikaamka sinazo. Nikawa nangoja aje. Nikasema akija nitamnunia siku moja, watu waone, kisha nitafungasha." Alikunja ushungi wake begani. "Mimi kupiga simu nikaona aibu. Nikasema akinitaka atakuja. Hakuja."

Nilifikiri kunyamaza. Miaka yote ya kazi nimefundishwa kwamba anachosema mgonjwa kinabaki pale pale. Lakini mgonjwa alikuwa ameshafukiwa, na huyu alikuwa mbele yangu ameshika kikombe kilichopoa. "Alikuja, Mama," nilisema. Nikamwambia yote, basi, boksi, kona, mchele, kicheko. Alinisikiliza bila kukatiza hadi mwisho, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma kitu kwa mbali.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Shati jeupe?"

"Hakuniambia."

"Kulikuwa na mtu," alisema polepole. "Pale kona, shati jeupe, na boksi. Jua lilikuwa machoni mwangu. Jirani yangu akasema, muuza samaki yule, nimwite? Nikasema mwache, leo tunacho kitoweo." Alinishika mkono, vidole vyake vimekuwa vyembamba sana. "Haika, hebu fikiri vizuri. Hakukwambia kabisa alivaa nini?"

Nikamwambia watu wengi huvaa mashati meupe, na wauza samaki wa Tanga ni wengi. Alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu anavyomkubalia muuguzi. Nje walianza kuimba tena. "Ungemuuliza, mwanangu," alisema, wala hakuwa ananilaumu, alikuwa anasema tu, na mimi nilibaki nimeshikwa mkono, nikijaribu kumwona Daktari kwenye ile kona, kumvisha shati, na nisiweze.